Muuza Chumvi Jukwaani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopigiwa makofi na uwanja mzima wa mji wetu huu wa Baraka. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya chenye picha ya mgombea mgongoni, nimekaa kiti cha mbele katikati ya matajiri, na watu walikuwa wengi hata nyasi za uwanja hazikuonekana. Nilifurahi sana. Nakuambia furaha hiyo kwanza, usije ukadhani mimi ni kizee chenye wivu kinachowakataza vijana kitu ambacho hakijakionja. Nimekionja, na kilikuwa kitamu.

Jana ulipokuja hapa dukani ulikaa dakika kumi. Ulinieleza kwamba wakubwa wa chama wamekuomba wewe na wanunuzi wenzako wa dhahabu ya machimbo ya Misisi, pamoja na wenye maboti na wenye mafuta, mpande jukwaani Jumapili mtangaze mbele ya watu wote kwamba mko nyuma yao. Ukaniomba nije nikae karibu nawe, kwa kuwa zamani nilikuwa rais wa wanawake wafanyabiashara na jina langu bado lina uzito kidogo. Sikukujibu. Ulidhani sijasikia, ukarudia kwa sauti kubwa kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto. Masikio yangu ni mazima, mwanangu. Ila jibu langu ni refu, na wewe pikipiki yako hukuizima.

Leo umeizima, ahsante. Kaa basi. Benchi lote ni lako, hakuna mwingine anayelikalia.

Sikuzaliwa tajiri. Duka hili niliachiwa na shangazi yangu, Mama Sikuzani, dada ya baba, aliyelianza na mfuko mmoja wa chumvi uliovushwa ziwa kutoka Kigoma. Mimi nilikuwa na mikono myepesi ya biashara. Nilipofika miaka thelathini na kidogo nilikuwa na depo mbili za chumvi, sabuni na mawese, na maboti mawili yenye jina langu ubavuni. Wabembe wenzangu walinunua chumvi ya kukaushia samaki, Wafuliiru na Wavira waliopita hapa walinunua ya jikoni, na wafugaji wa Minembwe, kule juu milimani, walinunua ya ng'ombe, mifuko kwa mifuko. Shangazi alipenda kusema, "Mwenye chumvi hachague chungu." Nilimsikia akisema hivyo tangu nikiwa msichana, na kama ujuavyo, neno lililozoeleka halisikiki tena.

Siku zile tulikuwa na desturi ambayo nyinyi mmeikuta imekwisha. Mfugaji akishuka sokoni hakutafuta hoteli. Alikuwa na nyumba yake ya kufikia, kwa yule aliyemuuzia chumvi. Analala hapo, anakula hapo, anaegemeza fimbo yake ukutani hapo. Ikizuka fujo, kwa sababu huku kwetu fujo haipigi hodi, ni juu ya mwenye nyumba kusimama mlangoni na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Basi. Hakuna karatasi wala muhuri. Ukimuuzia mtu chumvi umejitwisha usalama wake, na wafugaji nao walifanya hivyo hivyo kwa wachuuzi wetu waliopanda kwao na vitambaa. Ndivyo tulivyoishi katikati ya mambo mengi mabaya.

Kati ya wageni wangu alikuwamo mwanamke wa rika langu, Nyamahoro. Alikuwa akishuka na shemeji zake, wao wakiswaga ng'ombe, yeye akibeba siagi na maharagwe, siku mbili na zaidi kwa miguu. Mwaka nilipojifungua binti yangu Riziki, titi langu lilipata jipu, homa ikanilaza, maziwa yakakatika. Nyamahoro alikuwa kwangu siku hizo, naye ana kitoto chake cha miezi mitano mgongoni. Mvua ilikuwa imechukua daraja. Shemeji zake walitafuta njia nyingine ya kurudi, yeye akakataa kuondoka. Wiki tatu alinyonyesha watoto wawili, wangu huku, wake kule, akiimba nyimbo ambazo sikuelewa hata neno moja, na Riziki akanenepa mpaka majirani wakaja kumtazama.

Tangu hapo tuliitana kwa jina moja. Mimi nilimwita Mama Riziki, naye akaniita Mama Riziki, na watu wa soko walicheka kusikia wanawake wawili wanaitana hivyo toka mlango hadi mlango. Mume wangu alipozama ziwani, ni yeye aliyekuja akalala nami mkekani mpaka siku arobaini zikaisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi huku tunazo dhiki za kutosha kuwapima marafiki wote wa dunia.

Sasa njoo kwenye kosa langu.

Mwanamke akiwa na mali na hana mume, mwanangu, watu humsalimia kwa heshima kisha humwacha hapo hapo. Matajiri wanaume wa Baraka walikuwa na vikao vyao. Mimi nilipeleka mchango, sikuitwa kuketi. Nilikuwa nikirudi nyumbani saa kumi na moja, nala na Riziki wangu mdogo, na redio ndiyo iliyokuwa mtu mzima wa kuzungumza nami. Basi uchaguzi ule ulipokaribia, wakanijia watu wa chama kimoja. Sitakitaja, maana vyama vyetu hubadili majina kama nyoka anavyobadili gamba, na kile cha wakati ule leo kina jina jingine. Walikuja na Patron Masudi, tajiri wa mafuta, mwanamume mwenye kofia za vyama vitatu kabatini na zote zimemkaa vizuri. Wakaketi pale unapoketi wewe.

"Madame Présidente," Patron akaniambia, "siye benye biashara tunachoka kuomba. Safari hii tupande wote, tuonekane. Barabara ya Fizi itatengenezwa, na kodi za pale bandari zitapungua."

"Na mwenye hatapanda?"

Akacheka. "Mwenye hatapanda, naye ataonekana."

Niliogopa kidogo, sikatai. Lakini si woga ulionipandisha. Ni lile neno "tupande wote." Kwa mara ya kwanza mimi nami nilihesabiwa ndani ya "wote."

Shangazi alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamefifia, akishinda amekaa juu ya mfuko wa chumvi hapo nyuma. Wageni walipoondoka aliniita.

"Mutoto, unaenda kuuza nini kule?"

"Siuze kitu, Shangazi. Tunaunga mukono tu."

"Muchuuzi akipanda mahali pa juu, iko anauza. Kama weye hauone bidhaa yako ni gani, angalia vizuri. Pengine iko batu bako."

Nilicheka, mwanangu. Nikamwambia mambo ya sasa hayajui. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sisi sote tumelikariri shuleni, na sisi sote tunatembea tukichechemea.

Chama kilituletea vitambaa. Unajua uniforme kwetu ni nini. Kwenye harusi, kwenye kilio, bamama wakivaa kitambaa kimoja wanasema: sisi ni wa tumbo moja, ukimgusa huyu umemgusa yule. Niliwashonea wanawake wote waliochukua chumvi kwangu kwenda kuuza rejareja, zaidi ya arobaini. Nilitaka uwanja ujae watu wangu, nionekane nina jeshi. Na siku mbili kabla ya mkutano, Nyamahoro akashuka kununua chumvi.

"Mama Riziki, mi siko wa siasa," aliniambia nilipomkunjulia kitambaa.

"Iko uniforme tu. Tutaimba, tutakula, tutarudi nyumbani."

Alikitazama kile kitambaa, akaitazama ile picha ya yule bwana. Kisha akatabasamu. "Kama weye unavaa, nami navaa."

Nilimfunga kiunoni kwa mikono yangu hii. Hata mkunjo wa nyuma niliunyoosha mimi.

Uwanjani palikuwa na jukwaa la mbao lililofunikwa kwa turubai, na viti vya plastiki vyeupe, vya mbele vikiwa vimevikwa mashuka. Tulipanda mmoja mmoja, na kila tajiri akaitwa kwa jina na kwa mali yake: fulani wa mafuta, fulani wa maboti, fulani wa dhahabu, fulani wa saruji. Zamu yangu ilipofika nilishika kipaza sauti, nikasikia sauti yangu ikirudi kutoka upande wa ziwa, kubwa kuliko mimi.

"Bamama ba Baraka!" nilisema. "Siye benye biashara tulikuwa tunanyamaza. Leo tumesema! Mwenye anakula chumvi yangu, achague chama hii!"

Hapo ndipo yalipotoka yale makofi niliyokuambia. Wanawake wangu waliruka. Nyamahoro alikuwa safu ya pili, anaimba wimbo ambao hakuyajua maneno yake, anafuata midomo ya wenzake. Aliponiona namtazama akainua mkono. Nikarudi kitini na kipaza sauti nimekilaza mapajani, kwa kuwa ni mimi niliyepangiwa kutoa shukrani mwishoni.

Mgombea akashika kipaza chake, akaanza kusema. Alianza na barabara, akaenda kwenye maji, akaenda kwenye shule. Makofi yakaanza kupungua, jua lilikuwa kali. Naye, kama mpishi anayeona mboga yake haina ladha, akatia pilipili.

"Na bale ba kule juu!" akapaza sauti. "Bale bageni! Barudishe inchi ya benyewe! Barudi kwenye babu yabo balitoka!"

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Matajiri kulia kwangu walipiga makofi, na wa kushoto walipiga makofi. Mwanangu, nami nilipiga. Nimejaribu miaka yote kuitafutia mikono yangu udhuru. Nimesema ni mazoea, nimesema sikusikia vizuri, nimesema nilikuwa nawaza shukrani nitakazotoa. Lakini nilisikia, na nilipiga.

Kisha nikatazama safu ya pili. Nyamahoro alikuwa amesimama, mdomo bado wazi kwa wimbo. Wanawake waliokuwa wamebanana naye bega kwa bega walikuwa wamesogea, huyu hatua moja, yule hatua mbili, mpaka palibaki duara la nyasi na yeye yuko katikati. Ni wanawake wangu hao, walioota moto kwangu pamoja naye. Msichana mmoja akamshika kitambaa, akavuta.

"Vula! Hii haiko ya kwenu!"

Kilitoka kwa urahisi. Mafundo yangu ya kufunga kitambaa hayakuwa na nguvu siku hiyo. Akabaki na shimizi mbele ya watu, ameshika kifua kwa mikono miwili, na hakulia. Akanitazama. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nilichotakiwa kusema kila mtu wa Baraka alikijua, ni maneno manne tu, ningeyasema mlangoni kwangu hata nikiamshwa usingizini. Huyu ni mgeni wangu. Uwanja mzima ungesikia, mpaka ziwani.

Patron Masudi akanigusa kiwiko. "Madame, shukrani."

Nikasimama, nikasema, "Asante, Muheshimiwa."

Aliyemtoa Nyamahoro pale ni Mama Mwavita, muuza samaki, mwanamke asiyekuwa na depo wala boti. Alifungua kitenge chake cha juu, kimejaa magamba ya samaki, akamfunika nacho, akampitisha katikati ya watu huku akiwatukania mama zao wote waliokuwa njiani. Hakuna aliyemgusa. Namwaza mara nyingi mwanamke huyo, alifariki miaka mingi iliyopita. Yeye hakuwa na cha kupoteza, watu husema. Mimi nasema alikuwa na cha kupoteza kama kila mtu, maisha yake.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Shemeji zake walikuwa tayari barabarani na ng'ombe waliobaki. Yeye alikuwa uani, anafunga mzigo wake. Chumvi aliyokuja kununua ilikuwa bado imeegemea ukuta, haikuguswa. Riziki wangu, miaka tisa wakati huo, alikuwa ameshikilia kanga ya Nyamahoro, analia bila kujua sababu.

"Mama Riziki," nilisema, "mi sikujua kama atasema vile."

Alikaza fundo, ndipo akanigeukia. "Najua. Mbele aseme, haukujua." Akauinua mzigo mgongoni. "Kisha akasema, ukajua. Na kile kipaza kilikuwa mu mukono yako."

Nilimnyooshea ule mfuko wa chumvi.

"Asante ya malazi, Madame," akasema.

Madame. Miaka tisa tulikuwa na jina moja, na sasa alinirudishia langu peke yangu. Riziki alimsindikiza hadi mtoni. Nilimwona akirudi peke yake, anatembea pembeni mwa barabara, na aliponipita mlangoni hakunitazama.

Shangazi alikuwa juu ya mfuko wake. Nilikaa chini karibu naye, nikitaka anikaripie, maana makaripio huwa yanapunguza uchungu. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Uliuza?" Nikasema, "Niliuza, Shangazi." Akatikisa kichwa. Alikufa mwaka uliofuata na hatukulizungumza tena.

Utaniuliza tulipata nini. Yule mgombea alishinda. Akaenda Kinshasa, na namba yake ya simu ikawa haipatikani. Barabara ya Fizi umeipita jana, umeona mwenyewe matope yake. Patron Masudi alipata kofia ya nne. Wafuasi wa vyama vingine, Wabembe wenzangu, damu yangu, wakaanza kununua chumvi upande wa pili wa soko, kwa kuwa nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba anayekula chumvi yangu ni wa chama changu. Na wale wa chama changu walikuja walipotaka kitu. Wafugaji hawakuja tena. Baadaye vita vilifunga njia ya Minembwe, na hapo kila mtu akapata pa kuegemeza lawama. Nami niliegemeza. Kwa miaka nilisema vita vimenitenga na Nyamahoro. Vita vilikuja baadaye, mwanangu. Mlango nilikuwa nimeshaufunga mimi.

Maboti niliyauza. Unaloliona ndilo lililobaki, duka hili na mifuko hii michache. Watu hununua, wananiamkia vizuri, wanaondoka. Sijatukanwa na mtu hata siku moja. Ningetukanwa ningekuwa na wa kujibizana naye.

Riziki alipokua alimtafuta mama yake wa pili kwa kupitia watu wa kanisa, akampata ukimbizini ng'ambo, Burundi. Wakawa wanapigiana simu. Nilikuwa nikisikia chumbani binti yangu anacheka namna ambayo kwangu hachekagi. Siku moja nilipata nguvu nikaomba simu.

"Nisamehe," nilisema. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hilo ndilo lililotoka.

Simu ilikwaruza. Kisha nikasikia sauti yake, imezeeka kama yangu. "Nilisha kukusamehe, zamani, hata mbele nivuke mto. Kusamehe haikuwa kazi ya nguvu." Akavuta pumzi. "Lakini nikikuja kwako leo, nitalala na viatu mu miguu. Unaelewa? Sina hasira. Iko miguu tu haitakubali."

Nilimwambia naelewa. Tuliulizana habari za magoti na macho, mambo ya wazee, tukaagana.

Alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Riziki alikwenda kumlilia. Nilifunga nami kamfuko kangu, nikakaweka mlangoni. Riziki alikatazama, akaja akanishika mabega kwa upole. "Mama, weye ubakie," akaniambia. "Ni batu bake benyewe balisema." Nilibaki. Nikatandika mkeka sebuleni, nikafunga kitambaa kichwani, nikakaa kilio siku tatu katika nyumba yangu. Hapa Baraka mtu akifiwa uwanja wake hujaa, hata adui huja na kuni. Kwangu hakuja mtu, kwa kuwa hakuna aliyejua kama nimefiwa, na mimi ningemwambia nani kwamba amekufa dada yangu, wakati uwanja mzima uliniona siku ile nikiwa na kipaza sauti mkononi. Siku ya tatu nilijipa pole mwenyewe kwa sauti. Nilisema, "Pole, Mama Riziki." Kisha nikakunja mkeka nikaja kufungua duka.

Mwanangu, siku zile hakuna aliyenishika kwa nguvu. Wala wewe hakuna anayekushika. Jana ulinionyesha vitambaa ulivyopewa, ukasema umechukua viwili. Kimoja chako, kingine cha Mugisha, yule kijana wa Minembwe anayekutengenezea mashine za kuvuta maji mashimoni Misisi, anayelala kwako na kula kwako. Ulisema, "Mugisha naye atavaa, Mama, tutakaa wote mbele." Ulisema kwa furaha, na ulikuwa na nia njema, kama mimi nilivyokuwa nayo. Hapo ndipo ulimi wangu ulipokwama. Kuhusu ile pikipiki kutozimwa, nilikutania.

Sikukatazi kuchagua. Kura ni yako, ingia ndani ya kile kibanda, piga alama kwa unayempenda, toka. Ukitaka kugombea wewe mwenyewe, gombea, nitakuombea. Lakini jina la tajiri si lake peke yake. Liliokotwa kidogo kidogo na kila mtu aliyenunua na kila aliyeuza kwako, yule wa Makobola, yule wa Fizi, yule wa kule juu, na hakuna hata mmoja wao aliyekutuma ukaliweke juu ya jukwaa la mtu. Wanaokuomba jina leo hawakuambii litasimamishwa karibu na maneno gani kesho. Waulize. Na kama bado utapanda, kwa sababu wewe ni mtu mzima na mimi siwezi kukufunga kamba, basi panda na koo lililo tayari. Neno baya likisemwa mbele yako, usingoje kushuka ndipo ulikatae. Likatae hapo hapo, sauti ikitetemeka, hata wakikunyang'anya kiti. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, nami naongeza hili kutoka kwangu: kuna ulimi unaojikwaa kwa kunyamaza. Na kile kitambaa cha pili, mwanangu, usimvike mtu kwa mikono yako kitu ambacho huna hakika utasimama kumlinda akiwa amekivaa.

Jumapili mimi sitakuja. Nitakuwa hapa, mlango wazi, kama kila Jumapili.

Nenda sasa, kabla mvua haijaharibu njia. Mungu wa baba zako akuzidishie mali, na asikupe mali inayokuondolea watu. Akupe nyumba ambayo mgeni huvua viatu mlangoni na kusahau alipoviweka. Na siku utakayofiwa, mwanangu, uwanja wako ujae watu mpaka ukose mahali pa kukaa.